Mdogo wangu ana baipola na anarudi chuo Tanga: apange vipi muhula?

DadaWaSahare · Jumamosi, saa 3:10 usiku

Assalaam aleikum, na habari zenu wote.

Nauliza kwa niaba ya mdogo wangu wa kike, na ruhusa amenipa mwenyewe. Ana miaka 22, yuko mwaka wa pili stashahada ya ununuzi na ugavi hapa Tanga mjini. Ana baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na umethibitishwa na daktari wa afya ya akili. Sasa ametulia na ameruhusiwa kurudi darasani. Anatumia kabamazepini miligramu 200 asubuhi na 200 usiku, pamoja na olanzapini miligramu 5 usiku. Muhula unaanza baada ya wiki 3. Anakaa bweni, chumba cha wanafunzi 4.

Ninachotaka kujua ni hiki. Dawa za usiku zinamfanya mzito asubuhi na vipindi vinaanza saa 2, apange vipi? Chuoni aseme au anyamaze, na akisema, amwambie nani na kwa karatasi gani? Na kusoma kwenyewe afanyeje? Anasema anasoma ukurasa mmoja mara tatu na hakuna kinachobaki kichwani.

Dua zenu tunazihitaji na tunazishukuru. Hapa naomba hasa hatua za kufuata.

---

MuuguziWaAkili · Jumamosi, saa 3:52 usiku

Wa aleikum salaam dada. Nijibu upande wa dawa na usingizi, mambo ya ofisi za chuo nawaachia wanaoyajua.

Kwa mwenye baipola usingizi ni nusu ya matibabu. Usiku mmoja wa kukesha unaweza kuanza kumpandisha, yaani hisia na nguvu zinazidi kupita kiasi, na akishaanza kupanda hasikii uchovu, hivyo anakesha na wa pili, na wa tatu. Wengi wanaorudi wodini wakati wa mitihani hawakuangushwa na ugumu wa maswali. Wameangushwa na kukesha wakipiga msuli na wenzao, juu yake kahawa chungu na chupa za enaji. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: ratiba ya masomo ijengwe kuzunguka usingizi, isiwe usingizi unapewa masaa yaliyobaki.

Hesabu kutoka asubuhi kurudi nyuma. Kama anaamka kuswali alfajiri, tuseme saa 11, na anahitaji masaa 8, basi awe amelala saa 3 usiku. Olanzapini hufika kilele mwilini baada ya masaa 6 hivi tangu imezwe. Akimeza saa 5 usiku baada ya kufunga madaftari, kilele kinamkuta saa 11 alfajiri, na saa 2 asubuhi bado kichwa kimejaa pamba. Akimeza saa 1 usiku, akitoka tu kuswali magharibi na kula, kilele kinakuja saa 7 akiwa usingizini na asubuhi uzito umepungua. Dawa ni ileile na kipimo ni kilekile, saa tu ndiyo imebadilika. Hata hivyo amwambie daktari wake kabla ya kusogeza, na asogeze dakika 30 kila baada ya siku 2 au 3, aanze sasa hivi, si siku ya kufungua chuo.

Kabamazepini nayo inataka nafasi ya masaa 12, kwa hiyo saa 1 asubuhi na saa 1 usiku. Akisahau ya asubuhi akakumbuka saa 4, ameze. Akikumbuka saa 10 jioni, aiache na asubiri ya usiku. Asimeze mbili pamoja kufidia, hapo ndipo utamsikia anaona vitu viwili viwili na anayumba.

Hizi dawa mbili zinahusiana, na watu wengi hawaambiwi. Kabamazepini hulifanya ini lichakate olanzapini haraka zaidi, kwa hiyo kiwango kinachobaki kwenye damu hupungua. Daktari amepanga vipimo akijua hilo. Binti akiamua mwenyewe kuacha kabamazepini kwa kuwa "inamchosha", olanzapini itapanda na ndiyo itakayomlaza mchana kutwa, huku kinga yake dhidi ya kupanda imeondoka. Asiguse moja bila kuuliza zote.

Sasa kuna mambo ya huku kwetu pwani.

Unyevu wa Tanga unaharibu vidonge vya kabamazepini. Vikikaa wazi kwenye hewa ya unyevunyevu vinakuwa vigumu, haviyeyuki vizuri tumboni, na vinaweza kupoteza hadi theluthi ya nguvu yake. Mtu anameza kila siku bila kukosa na bado anaanza kupanda, watu wanasema dawa "zimemzoea". Zikitolewa kwenye kibahasha cha karatasi, zihamishiwe siku hiyohiyo kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko cha kukaza, kikae kabatini. Kisiwekwe dirishani wala karibu na bafu. Kama zipo kwenye karatasi zake za kiwandani, zibaki humo hadi dakika ya kumeza.

Machungwa ya Muheza ale apendavyo. Balungi na danzi aviache, hata juisi yake, kwa sababu huzuia uchakataji wa kabamazepini na kuifanya izidi kwenye damu. Kidonge cha erithromaisini kinafanya vivyo hivyo, kwa hiyo akienda duka la dawa na kikohozi ataje anachotumia kabla hajapewa kitu. Na akipimwa malaria ikaonekana, amwambie tabibu kabla ya kuandikiwa dawa mseto, maana kabamazepini hushusha kiwango cha dawa hiyo mwilini na malaria inaweza isiishe. Jina la dawa na kipimo aviandike kwenye karatasi ndogo, aiweke nyuma ya kitambulisho cha chuo.

Jambo jingine alisikie yeye mwenyewe faragha: kabamazepini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti. Sindano na kitanzi havidhuriki. Na akifikiria ujauzito wakati wowote, azungumze na daktari kabla, si baada.

Homa yenye vidonda vya mdomo au koo, au vipele vinavyosambaa mwilini, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo na kupimwa damu. Bombo ipo hapo mjini, asisubiri tarehe ya kliniki.

---

DawatiLaTaaluma · Jumapili, saa 1:25 asubuhi

Dada, nitajibu la pili. Aseme, lakini aseme kwa mpangilio.

Mtu wa kwanza ni mshauri wa wanafunzi. Asianze na lekcha wa somo, wala na kiongozi wa darasa. Mshauri ndiye mwenye wajibu wa kutunza siri na ndiye anayeweza kuandikia idara bila kutaja ugonjwa. Lekcha akiambiwa korido, kesho yake atakuwa amesahau au ameshamwambia mwenzake.

Karatasi ni mbili. Ya kwanza ni ya daktari, na hapa watu wengi wanakosea. Wanaleta cheti kilichoandikwa jina la ugonjwa tu, na ofisi haijui ifanye nini nacho. Mwombeni daktari aandike *anachohitaji* mwanafunzi: kwamba ana tatizo la kiafya la muda mrefu, yuko kwenye matibabu, ametulia, na anahitaji hiki na kile. Jina la ugonjwa si lazima liwepo kwenye nakala ya chuo. Iwe na muhuri wa hospitali na tarehe.

Ya pili ni yake mwenyewe. Iwe fupi hivi:

> YAH: MAOMBI YA KUZINGATIWA KATIKA MASOMO NA MITIHANI KWA SABABU ZA KIAFYA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili … Nina tatizo la kiafya la muda mrefu linalotibiwa hospitalini na kwa sasa hali yangu ni tulivu. Ninaomba katika muhula huu: nikae karibu na mlango kwenye chumba cha mtihani na niruhusiwe kuwa na maji ya kunywa, nipangiwe kundi la mchana pale somo linapokuwa na kundi la mchana na la jioni, niruhusiwe siku ya kliniki mara moja kwa mwezi bila kuhesabiwa mtoro, na nielezwe utaratibu wa mtihani maalumu endapo daktari ataandika kuwa siwezi kufanya mtihani. Nimeambatanisha barua ya daktari.

Apeleke nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na arudi nayo. Nakala hiyo ndiyo itakayomtetea mwezi wa nne kukitokea jambo. Bila muhuri, barua haikuwahi kufika.

Akiulizwa kwa nini tatizo lisiloonekana lizingatiwe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inautafsiri ulemavu kwa kutaja sababu za kimwili, za kiakili na za kijamii. Si lazima aanze nayo, ila ajue ipo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wanafunzi wazuri wanapopotelea. Kuna tofauti kubwa kati ya mtihani maalumu na sapu. Mtihani maalumu ni wa aliyeshindwa kufanya kwa sababu iliyokubaliwa, na vyuo vingi huuhesabu kama mtihani wa kwanza, akipata A ni A yake. Sapu ni ya aliyefanya akafeli, na vyuo vingi huikatia alama kwenye C hata ukijibu yote. Na ukishaingia chumbani ukasaini karatasi ya mahudhurio, kwa kanuni za vyuo vingi umekiri kwamba u mzima. Huwezi kutoka ukasema nilikuwa naumwa. Kwa hiyo siku akiamka hajalala usiku 2 na kichwa kinakimbia, asiende "kujaribu bahati". Aende hospitali, apate karatasi ya tarehe ileile, nawe uipeleke chuoni siku ileile au kesho yake. Barua ya daktari yenye tarehe ya wiki 2 baada ya mtihani hukataliwa, na ofisi haina ubaya hapo, kanuni ndivyo zilivyo.

Mahudhurio: vyuo vingi vinataka asilimia 75 ndipo uruhusiwe kufanya mtihani wa mwisho. Somo lenye vipindi 30 linamruhusu kukosa 7. Kliniki mara moja kwa mwezi haimfikishi huko, lakini wiki 2 za kushuka zinaweza kumfikisha. Na alama za muhula, kwa utaratibu wa 40 kwa 60 unaotumika sana (40 za muhula, 60 za mtihani wa mwisho), zinakusanywa kwa majaribio na kazi za kuandika. Ushauri wangu wa dhati: azikusanye hizo 40 mapema, wiki za mwanzo akiwa na nguvu. Mwenye 32 mkononi anaingia mtihani wa mwisho bila kukesha.

Ikibidi kuahirisha muhula, aombe *kabla* ya kuacha kuhudhuria. Aliyeahirisha kwa barua anarudi mwaka unaofuata pale alipoishia. Aliyepotea bila barua anahesabiwa mtoro, na baadaye amedisko, yaani ameondolewa chuoni. Kama ana mkopo wa Bodi, kuahirisha kupitie pia kwa afisa mikopo wa chuo, ili fedha zisimamishwe rasmi na ziombwe tena akirudi.

---

MsuliWaTaratibu · Jumapili, saa 4:40 asubuhi

Kusoma ukurasa mara tatu bila kukumbuka hakumaanishi akili yake imekufa, mwambieni hivyo wazi. Ugonjwa wenyewe na dawa hupunguza ile nafasi ya kushika mambo kwa muda mfupi. Kusoma kwa macho kunategemea nafasi hiyohiyo, ndiyo maana kunamshinda. Kuandika na kukokotoa hakuitegemei kiasi hicho kwa sababu karatasi inashika kwa niaba yake.

Kwa hiyo asisome, *afanye*. Chukua mfano wa kozi yake, kile kiasi nafuu cha kuagiza, yaani uagize vipande vingapi kila mara ili gharama iwe ndogo kabisa. Desa, yale maandishi ya somo, lina kurasa 6 za maelezo. Aziache. Aweke swali moja mbele: mahitaji ya mwaka ni vipande 1,200, gharama ya kuagiza mara moja ni shilingi 5,000, gharama ya kutunza kipande kimoja kwa mwaka ni shilingi 300. Mara mbili ya 1,200 mara 5,000 ni 12,000,000. Gawa kwa 300 unapata 40,000. Kipeuo chake ni 200. Aagize vipande 200, mara 6 kwa mwaka. Halafu abadilishe namba moja tu, gharama ya kutunza ipande iwe 1,200, aone jibu linashuka hadi 100, na ajiulize kwa nini. Dakika 15 na somo limeingia. Baada ya hapo ndipo afungue desa kusoma maelezo, na sasa yatashika kwa sababu yana pa kujishikiza.

Kwa masomo ya maelezo matupu, kama sheria ya manunuzi: asome aya moja, afunike, aandike sentensi moja kwa maneno yake. Akishindwa, arudie aya hiyo moja, si ukurasa mzima.

Muda: dakika 25 kazi, dakika 5 kusimama na kutembea, mara 3, kisha mapumziko ya nusu saa. Kwa mwenye dawa nzito za usiku, masaa bora ni kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 8, na tena saa 10 hadi 12 jioni. Vitabu vifungwe saa 1 usiku pamoja na kumeza dawa. Usiku hausomeki kwake, na akikubali hilo mapema ataacha kujilinganisha na wenzake wa chumbani.

Pepa za nyuma zianze wiki 6 kabla ya mtihani, swali moja kwa siku. Wengi huanza wiki ya mwisho, ndiyo inayowakesha.

Kazi za kikundi ni mtego. Achukue kipande kinachofanywa mwanzo, kama kukusanya takwimu au kuandika utangulizi, asichukue kuunganisha kazi nzima usiku wa kuamkia tarehe ya kuwasilisha. Na ajiwekee tarehe yake siku 3 kabla ya ile ya kikundi.

Siku ya kushuka, orodha iwe ya mambo 4 tu: dawa, chakula, kuoga, kipindi kimoja. Akifika kipindi kimoja akasaini, siku hiyo imefanya kazi yake. Siku ya kuanza kupanda ndiyo ngumu kuitambua kwa sababu inafanana na bidii. Anaandika kurasa 12 kwa jibu la kurasa 3, anaanza masomo manne kwa mpigo, anajitolea kuwafundisha wenzake usiku. Hapo sheria ni moja: asiongeze kitu chochote kipya, afanye yaliyo kwenye ratiba tu, hata kama anajisikia anaweza kumaliza silabasi nzima.

---

DadaWaSahare · Jumapili, saa 2:15 usiku

Mungu awalipe. Nimezichapa, ninampelekea kesho.

Nina mawili zaidi. Ramadhani itaingia katikati ya muhula na yeye anataka kufunga. Na shangazi yetu mkubwa anasema ni majini, anataka asomewe rukya kwanza na dawa zisimame kwa siku 40. Sipendi kumvunjia heshima shangazi. Nimjibu nini? Na wenzake wa chumbani waambiwe nini?

---

BarazaLaChumbageni · Jumapili, saa 3:05 usiku

Dada yangu, shangazi asivunjiwe heshima, na wala hakuna haja. Mwambie hivi: "Shangazi, asomewe, na dawa aendelee nazo." Kusomewa Qur'ani hakuhitaji tumbo lisilo na dawa. Kujitibu kumeruhusiwa, na anayemsomea mgonjwa akiwa mkweli hatamwambia aache alichoandikiwa na daktari. Masharti matatu muyaweke kabla: asisomewe usiku kupita saa 3 akakosa kulala, asinyweshwe wala kufukizwa kitu kisichojulikana ni nini, na asipigwe wala kufungwa. Msomaji akikataa moja kati ya hayo, mtafute mwingine. Na shangazi mshirikishe kazi. Awe ndiye anayempigia simu kila siku baada ya magharibi kumuuliza, "Mwanangu, umemeza?"

Kuhusu saumu, sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185 zimemtaja mgonjwa kwa wazi, ahesabu siku nyingine. Amuulize daktari mwezi wa Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi. Akiambiwa anaweza, vidonge viende futari na daku. Akiambiwa hawezi, asione haya. Hakuiacha saumu kwa uvivu, na mwenye shari'a ndiye aliyempa nafasi hiyo.

---

MuuguziWaAkili · Jumapili, saa 3:40 usiku

Naunga mkono aliyosema mzee wa baraza. Niongeze kuhusu Ramadhani kwamba hatari kubwa kwake ni usingizi kukatika vipande viwili, kuliko hata njaa. Huku kwetu saumu ni kama masaa 13 na nusu mwaka wote, kwa hiyo kumeza saa 12 na nusu jioni na saa 10 na nusu alfajiri inawezekana kwa kabamazepini ya mara mbili, daktari akikubali. Lakini akikaa barazani mpaka daku, ameharibu. Olanzapini aimeze baada ya kufuturu, alale mara tu baada ya isha na tarawehe, saa 4 isimkute macho, aamke daku, halafu apate saa moja ya usingizi mchana kabla ya adhuhuri au baada yake. Wiki ya kwanza apime: usingizi wa jumla ukishuka chini ya masaa 6 kwa siku 3, aache kufunga na apige simu kliniki. Na siku wakimbadilishia dawa wakampa lithiamu, haya yote yahesabiwe upya, kwa sababu upungufu wa maji mwilini hupandisha lithiamu hadi kiwango cha sumu, na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na aibuprofeni vinafanya hivyo pia.

Wenzake wa chumbani: achague mmoja anayemwamini, amwambie maneno machache. "Nina tatizo la kiafya, natumia dawa za usiku, nalala saa 3. Ukiona sijalala usiku mzima au naongea kwa kasi sana, mpigie dada." Wengine wawili waombwe tu taa izimwe saa 3 au wasomee darasani. Wakishindwa, kipande cha khanga kilichokunjwa mara mbili juu ya macho, ndani ya chandarua, kinafanya kazi.

Sasa daftari. Kaunta buku ndogo, mstari mmoja kwa siku, asubuhi akiamka. Masaa aliyolala, hisia kuanzia -3 hadi +3, dawa alama mbili, na neno moja. Hivi:

> Jtatu – 8 – 0 – ✓✓ – sawa
> Jnne – 7 – 0 – ✓✓ – jaribio la ugavi
> Jtano – 6 – +1 – ✓✓ – mawazo mengi
> Alh – 4½ – +2 – ✓ – sikuchoka

Angalia Alhamisi. Saa 4 na nusu za usingizi bila kuchoka, hisia juu, dawa moja imerukwa. Huo ndio wakati wa kupiga simu kliniki. Msisubiri Jumatatu, wala msisubiri aanze kugawa vitu vyake. Siku hiyo hiyo asitishe kazi zote za jioni, asinywe kahawa, chumba kiwe giza saa 2. Mara nyingi daktari akipata taarifa hapo hurekebisha dawa na mwanafunzi anabaki darasani. Akicheleweshwa siku 5, mnazungumzia kulazwa, Bombo au kule Lutindi, Korogwe.

Ishara nyingine ni pesa. Mtu anayepanda hutumia ada kwa biashara ya siku moja au kuchukua mikopo ya kausha damu kwenye simu. Ada ilipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya chuo mwanzoni mwa muhula, na pesa ya matumizi itumwe kila wiki, si kwa mwezi. Hayo mkubaliane sasa akiwa ametulia na ayaandike kwa mkono wake, ili siku ukimkumbusha isiwe ugomvi.

Akishuka na ukamsikia anasema amechoka kuishi, au anaaga aga, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani, linampa mlango wa kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata chooni kwa muda mrefu, vidonge vyote vichukuliwe na mtu mwingine, na mwende hospitali kitengo cha dharura muda huohuo, hata ikiwa usiku wa manane. Kwa sababu hiyohiyo asiweke bweni vidonge vya miezi mitatu. Vya wiki 2 vinatosha, vingine vikae nyumbani Sahare.

Na tarehe ya kliniki: angalieni kalenda ya chuo leo. Ikiangukia wiki ya mitihani, ombeni iletwe wiki moja kabla ya mitihani, dawa zisije zikaisha katikati.

---

DadaWaSahare · Jumatatu, saa 1:30 usiku

Nimemsomea kwa simu yote. Amekubali kila kitu ila daftari anataka liwe lake, mimi nilisome Ijumaa tu nikienda kumtembelea. Shangazi amekubali kazi ya kupiga simu ya magharibi, ameshaanza leo.

---

MuuguziWaAkili · Jumatatu, saa 1:48 usiku

Ijumaa inatosha, na ni haki yake. Muombe jambo moja tu: usingizi ukishuka chini ya masaa 5, namba hiyo akutumie asubuhi ileile, hata bila maneno.